Habari za Chuo Zimekosa Mwimbaji

Mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2025 ulianza tarehe 17 Septemba ukamalizika tarehe 5 Novemba. Siku 49 vyuo vikuu vya umma vilikaa bila masomo huku wahadhiri wakidai shilingi bilioni 7.9 zilizosalia kwenye mkataba wao wa 2017 hadi 2021. Deni lenyewe lilikuwepo kabla wengi wetu hatujakanyaga lango la chuo. Serikali ikakubali kulipa kwa awamu mbili, madarasa yakafunguliwa, nasi tukarudishiwa muhula uliobanwa mno: mihadhara mpaka magharibi, majaribio yakifuatana, vitabu vikisomwa juu juu ili mtihani usitupite.

Sasa mshike mwanachuo yeyote wa hapa Mombasa umwombe akuimbie ubeti mmoja juu ya siku zile. Hana. Atakufungulia simu akuonyeshe vichekesho na sauti zilizorekodiwa ambazo watu walikuwa wakitumiana kwenye WhatsApp, tena atazitafuta kwa shida maana nyingi keshazifuta kupata nafasi. Wimbo hakuna. Mimi binafsi sijausikia hata mmoja, si kwenye tamasha, si kwenye spika za hosteli, si kwenye matatu za Tudor. Jambo hili linanikera, na naliona kubwa kuliko linavyoonekana.

Kwanza, si kwamba habari zenyewe ni chache. Mwaka 2023 serikali ilileta mfumo mpya wa kufadhili masomo ya vyuo vikuu. Wanafunzi wakaanza kupangwa kwenye madaraja kwa kadiri ya uwezo wa nyumbani kwao, kila daraja na fungu lake la ruzuku, mkopo na kile kinachobaki kwa mzazi. Aliyewekwa daraja la tano, familia yake ilitakiwa kubeba asilimia 40 ya gharama. Malalamiko ya watu kupangwa daraja lisilo lao yakazagaa nchi nzima. Disemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka kwamba mfumo huo unakiuka katiba, kesi ikapanda Mahakama ya Rufaa, na sisi tukaendelea kuishi katikati ya hukumu na rufaa, hatujui karo ya mwaka ujao itakuwa ngapi. Ndani ya hadithi hiyo kuna mzazi anayeuza kiunga chake, kuna msichana aliyeahirisha mwaka, kuna kijana anayelala chumba kimoja na wenzake watano Bombolulu ili kodi igawike. Mtunzi akose nini tena?

Na mji huu hasa si wa kukosa watunzi. Muyaka bin Haji aliishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19, na alichokuwa akikitunga ni yale yaliyokuwa yakitokea: ubishi wa Mazrui waliokuwa wakitawala Mombasa na Seyyid Said, Sultani wa Oman, vita na Lamu, njaa, mapenzi, fitina za nyumba kwa nyumba. Wataalamu humsifu kwa kuutoa ushairi katika mambo ya dini peke yake na kuuleta sokoni na barazani. Washairi wa Lamu wakirusha neno, yeye hujibu. Miongo kadhaa baada ya kufa kwake, beti zake zilikuwa bado vichwani mwa watu, ndipo Mwalimu Sikujua akazikusanya kwa msaada wa Mwingereza W. E. Taylor zikaandikwa. Leo tunajua watu wa Mombasa wa miaka mia mbili iliyopita walihofia nini na walijivunia nini kwa sababu mtu mmoja aliona habari za mji wake zinastahili vina na mizani.

Hapo ndipo ulipo uzito wa hoja yangu. Habari iliyofungwa ndani ya vina hubaki kwenye ulimi wa mtu hata akiwa hakukusudia kuikumbuka. Mwenye simu hupokea sauti ya dakika tatu ya kiongozi wa wanafunzi akilaani mgomo, akaisikiliza nusu, kesho akapokea nyingine. Kufikia mwisho wa mwezi hakumbuki nani alisema nini, wala nani aliahidi nini. Viongozi wanajua hivyo, ndiyo maana ahadi za mwaka jana wanazileta tena mwaka huu bila wasiwasi. Ahadi iliyotiwa kwenye wimbo isingewaachilia kirahisi namna hiyo.

Taarabu ya Mombasa iliirithi kazi ya Muyaka ikaipeleka harusini. Zuhura Swaleh na sauti yake kali, tashkota, kile kinanda cha nyuzi, ikichachatika na ngoma ya chakacha chini yake, aliimba maneno ambayo kila mwanamke aliyeketi pale alijua yamemlenga nani, na aliyelengwa alijua zaidi kuliko wote. Juma Bhalo, aliyefariki 2014, aliimba kwa sauti ya machungu hata asiyeelewa Kiswahili akajua mtu huyu ameumizwa. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya maskani Mombasa na kufariki 2016, alichukua tungo za washairi wakubwa wa Pwani, Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany miongoni mwao, akazivika mlio wa udi, ala yake ya nyuzi.

Nikisema nawapenda hawa, wenzangu hudhani nasikiliza muziki wa bibi yangu peke yake. Sivyo. Nakaa Likoni na nasoma ng'ambo, kisiwani, kwa hivyo feri ndiyo inayonipa nafasi ya kusikiliza. Asubuhi watu wamebanana, honi zinapigwa, wachuuzi wanapita na kashata na maji, hapo nataka kitu chenye nguvu, naweka Kaa la Moto. Napenda anavyorapu bila kukimbizana na mdundo: kila neno limekaa mahali pake, na Kiswahili chake ni kile ninachokisikia mtaani, chenye methali na matusi yaliyofunikwa vizuri. Jioni feri imepungua makelele, naweka Zein. Udi huanza peke yake, unazunguka, unarudi, na sauti ikiingia unaisikia kila silabi, hakuna neno lililomezwa. Jumapili nikifua ni muziki wa bango wa Mzee Ngala, ile saksofoni ya Frere Town inayokufanya usimame na ndoo mkononi. Tena nasikiliza amapiano ya Afrika Kusini, nasikiliza Bongo Fleva, na arbantoni za Nairobi nazo zikichezwa sikai chini.

Nalitaja hili la amapiano makusudi, maana kila mara nikigusia muziki wa Pwani kuna mtu atanishutumu kwamba nataka kuwafungia watu masikio dhidi ya vya nje. Lakini wazee wetu wenyewe hawakujifungia. Juma Bhalo alizichukua sauti za nyimbo za filamu za Kihindi, zile zilizokuwa zikijaza majumba ya sinema ya mji huu, akazitia mashairi ya Kimvita, Kiswahili cha hapa Mombasa. Tashkota yenyewe ni chombo cha Kijapani. Udi na mitindo ya uimbaji vilitoka Uarabuni na Misri. Walichokifanya ni kukataa kitu kimoja tu, nacho ni kuacha maneno ya watu wengine yawaeleze wao. Sauti waliazima, maneno wakatoa kwao. Sisi siku hizi tunaazima vyote viwili. Tunacheza besi ya Johannesburg na juu yake maneno ya Johannesburg, tunaimba mapenzi ya Dar es Salaam na gari la kifahari la Lagos, na kodi ya chumba cha Kisauni haina mahali pa kuingilia. Kijana wa hapa akiuchukua mdundo huohuo wa amapiano akautia habari ya mkopo uliochelewa, mimi nitakuwa wa kwanza kuununua.

Kwa nini basi imekuwa hivi? Wengi husema vijana hawapendi vya kwao, wakaishia hapo. Jibu hilo ni jepesi mno. Mimi naona pesa.

Mombasa ilikuwa na soko lake la muziki. Mbwana Radio Service ya Mji wa Kale ilirekodi taarabu na kuziuza, na Assanand nao walikuwa na duka na lebo yao. Mwimbaji aliitwa kwenye harusi, harusi ikarekodiwa, kanda ikapelekwa dukani, kutoka dukani ikapanda basi mpaka Lamu au ikavuka mpaka. Bwana harusi alilipa, mnunuzi wa kanda alilipa. Hata wasiopenda biashara ile ilivyokuwa ikigawana mapato hawawezi kukana kwamba ilimlisha mtu aliyeimba kwa Kiswahili cha hapa kuhusu mambo ya hapa. Them Mushrooms walioanza Mombasa mwaka 1972 walipata riziki yao kwenye hoteli za ufukweni, ambako watalii ndio waliolipia viti. Kundi la rapu la Ukoo Flani lilikuja baadaye, vijana wa rika letu wakati ule, wakaungana na wenzao wa Dandora, Nairobi, na walichokiimba kilikuwa habari za shida bila kuzipaka sukari.

Kanda zilipokufa, ile njia ya pesa ilikatika na haikujengwa nyingine. Wimbo siku hizi unawekwa mtandaoni bure, na mwenye wimbo anasubiri usikilizwe mara maelfu kwa maelfu ndipo apate cha maana. Mitambo inayotupendekezea nyimbo inatusukumia zile ambazo tayari zina wasikilizaji wengi. Mji wa Mombasa wote ukisikiliza wimbo mmoja kutwa hauwezi kufikia hesabu ya Lagos ya saa moja. Kwa hiyo simu ya mwanachuo wa Tudor, hata asipoigusa, yenyewe itampeleka Lagos na Johannesburg. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kumnyima wimbo wa Pwani. Ndivyo mashine inavyohesabu.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kila mtu na ladha yake, mjadala umekwisha. Ladha hufunzwa. Ile ngoma nzito ya amapiano, miaka kumi iliyopita ni nani Majengo aliyekuwa akiijua? Leo haikosekani kwenye harusi, na bibi harusi wa Kimvita anaingia nayo ukumbini. Tumeipenda kwa kuisikia, tukaisikia tena, tukaisikia mpaka ikawa yetu. Bango ikipigwa mara hizo zote, nayo itapendwa vivyo hivyo.

Hapa chuo kinaingia. Fikiria ni mahali gani pengine Mombasa maelfu ya vijana hukusanyika kila siku. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor kilipandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, na mjini kuna kampasi za vyuo vingine kadhaa, vya umma na vya binafsi. Pamoja na taasisi za kiufundi, hiyo ni hadhira ambayo mwimbaji wa harusi za zamani hakuwahi kuiota. Zaidi ya hayo, ni hadhira yenye bajeti, maana kila mwanafunzi akilipa karo, humo ndani mna ada ya chama cha wanafunzi, na sehemu ya ada hiyo inakwenda kwenye burudani.

Inatumikaje? Nitaeleza nilichokiona bila kukitaja chuo. Usiku wa tamasha la utamaduni jukwaa lilikuwa limepambwa kwa vikoi na mikeka, na bango kubwa la picha ya jahazi. Msanii mkuu aliletwa kwa ndege. Kikundi cha sengenya kutoka Kwale, wazee na vijana waliobeba ngoma zao wenyewe kwenye matatu, kilipewa dakika chache kabla watu hawajajaa, na kipaza sauti kikiwa bado kinajaribiwa. Ngoma zile hazikuwekewa maikrofoni hata moja, kwa hiyo waliokaa nyuma waliona mikono ikipanda na kushuka, mlio hawakuusikia. Walipomaliza nilimsikia mmoja wa waandaaji akimwambia kiongozi wao kwamba malipo ni nauli na soda, ila wamepata jina. Mzee yule alivaa kanzu yake juu ya fulana iliyolowa jasho, akashukuru, akaondoka. Nilimfuata nikamuuliza kama angependa kurudi mwaka unaofuata. Akasema, "Mwanangu, jina ninalo tangu babu yangu. Hizi ngozi za ngoma ndizo hununuliwa."

Maneno hayo nayarudia kila ninapopata mtu wa kunisikiliza. Tunachukua vikoi vyake kupambia, tunamnyima fungu lake, kisha tunajiuliza muziki wa Pwani umekwenda wapi.

Lipo jambo jingine ambalo ni lazima lisemwe kwa haki. Chuo cha Mombasa si cha watu wa Pwani peke yao. Wanafunzi hupangiwa vyuo kutoka nchi nzima, na darasani kwetu kuna wa Machakos, wa Kisii, wa Turkana, wa Garissa. Wana nyimbo zao na wana haki ya kuzisikia. Lakini uzoefu wangu ni kwamba wageni hawa ndio wanaoudaka muziki wa hapa kwa haraka kuliko sisi wenyeji. Rafiki yangu wa kutoka Bungoma ndiye aliyenifundisha majina ya vyombo vya kundi zima la taarabu, maana yeye aliuliza, mimi nilikuwa nimevizoea tu. Wapo pia ndugu zetu ambao kwao ala za muziki ni jambo la kuepukwa kwa sababu ya dini. Nao wana qaswida na dufu, wana beti nzito, na ubeti wa qaswida una nafasi kamili katika ninachokiomba. Pwani ni pana: kuna mwanzele na gonda za Wagiriama, kuna sengenya ya Wadigo na Waduruma, kuna kwaya za makanisa ya Kisauni, kuna rapu ya Majengo.

Kinachonisumbua zaidi ya bajeti ni woga. Kura za wanafunzi ndizo zinazonionyesha. Tangu sheria ya vyuo vikuu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, sisi huchagua wajumbe, na wajumbe ndio wanaochagua viongozi. Hata hivyo kampeni ni zilezile za kelele. Gari aina ya pikapu linaingia na spika zilizopangwa mpaka juu ya kabini, linacheza wimbo unaovuma wiki hiyo, na pale penye jina la mpenzi pamepachikwa jina la mgombea. Watu wanacheza. Ukimaliza hujui mgombea anasema nini juu ya hosteli, juu ya maktaba inayofungwa mapema, juu ya majina ya wanafunzi yanayokosekana kwenye orodha ya mtihani. Wimbo umetumika kuficha habari. Na mgombea anaupenda hivyo, kwa kuwa wimbo wenye maneno ya kweli ungemuuliza yeye mwenyewe.

Hili ndilo hasa linalofunga jukwaa. Wimbo kuhusu ada utawagusa wakubwa wa chuo. Wimbo kuhusu pesa za chama utawagusa viongozi wetu. Wimbo kuhusu mgomo utagusa serikali. Ni salama zaidi kumleta mtu aimbe juu ya kiuno. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 33, inataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina lake, pamoja na uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Havikuwekwa pamoja kwa bahati. Na kwa mwenye hofu ya kufukuzwa jukwaani, Pwani ina dawa ya kale, nayo ni fumbo. Taarabu ilisema yote bila kumtaja mtu. Mkubwa akikasirika, itabidi kwanza akiri kwamba kilichosemwa kinamhusu.

Maneno yenyewe yapo, hilo nina hakika nalo. Wakati wa mgomo kuna mwenzetu wa darasani, binti mkimya anayesomea uhandisi, alituandikia shairi kwenye kundi letu usiku mmoja ambao hakuna aliyekuwa na la kusema. Amenikubalia niweke ubeti wa kwanza hapa, bila jina lake:

Tumekuja na vitabu, darasa lina kufuli,
Twangojea majawabu, kutoka kwa serikali,
Mwalimu ana sababu, hajalipwa yake mali,
Kodi nayo i karibu, na mkopo uko mbali.

Utazame ubeti huu vizuri. Binti huyu hamlaumu mwalimu, na wakati ule kumlaumu mwalimu kulikuwa rahisi kabisa, wazazi wengi walikuwa wakifanya hivyo. Anampa haki yake kwenye mshororo wa tatu, kisha katika ule wa nne anarudi chumbani kwake, kwa mwenye nyumba anayebisha hodi. Siasa ya nchi na mlango wa chumba vimekaa kwenye mizani nane nane bila kusukumana. Watu zaidi ya mia walilisoma shairi lile. Wakaweka alama za moto na za machozi. Kisha likazama chini ya matangazo ya magodoro na vyumba vya kupanga. Kama angekuwepo mtu wa kulipigia udi, au kijana mwenye kompyuta ya kulitilia mdundo, lile shairi lingekuwa linaimbwa mpaka sasa na wanaoingia mwaka wa kwanza, nao wangejua mgomo ule ulikuwa nini kabla haujaja mwingine.

Kwa hiyo ninachotaka ni kitu cha kawaida kabisa, kinachowezekana ndani ya mwaka mmoja wa masomo. Nusu ya fedha za burudani za chama iende kwa wasanii wa Pwani, kwa mkataba ulioandikwa, na walipwe usiku huohuo kabla ya kufungua spika. Kila ngoma iwekewe maikrofoni kama anavyowekewa msanii wa ndege. Na liandaliwe shindano la kujibizana, kama Muyaka na watu wa Lamu: mada ni habari za chuo za mwaka ule, mshairi anatoka madarasani, mwimbaji anatoka mtaani, wimbo unarekodiwa, na mapato yakipatikana wanagawana wawili hao. Nairobi haitatufanyia hili, wala Dar es Salaam. Wana habari zao za kuimba na wanaziimba vizuri.

Wapo watakaosema chama kina mambo mazito zaidi ya nyimbo, kwamba mwanafunzi mwenye njaa hahitaji udi. Naiheshimu hoja hiyo kwa sababu njaa ninaiona, kuna wenzetu wanaokula viazi karai vya jioni kama mlo wao wa kutwa. Lakini fedha ninazozizungumzia tayari zimetengewa burudani na zitatumika kwenye burudani, mkono mmoja au mwingine. Tena aliye na njaa ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote ya kusikika, na kufikia sasa barua na mikutano havijamfanyia hivyo.

Uchaguzi wa chama unakaribia na wagombea wameanza kugonga milango. Atakayekuja kwetu nitamuuliza mambo mawili. Kwanza, katika bajeti ya burudani, msanii wa Pwani atalipwa shilingi ngapi na lini. Pili, mwanafunzi akipanda jukwaani kuimba kuhusu mgomo, au kuhusu yeye mgombea mwenyewe akishachaguliwa, je, kipaza sauti kitazimwa? Jibu lake nitaliandika kama alivyolitoa, niliweke kwenye kundi la darasa kabla ya siku ya kura, na nitamwomba yule binti wa uhandisi alitilie vina.